Mama, Kalamu na Taifa

Litajwapo neno utamaduni mbele ya hadhara, mawazo ya wengi hukimbilia ngoma, nyimbo, mavazi ya sherehe na jukwaa lililopambwa kwa bendera. Wala hawakosei, kwa kuwa hayo yote ni sehemu ya utamaduni. Lakini jukwaa huvunjwa jioni, ngoma hurudishwa ghalani, na watu hurejea majumbani mwao. Huko ndiko waliko mama na mtoto, chungu na jiko, maji ya kuteka na nguo za kufua. Na huko ndiko taifa linakolala na kuamka. Swali ninalotaka kulijadili katika makala haya ni hili: je, mama anayeandika habari za nyumbani kwake anaandika habari za taifa? Nalijadili kwa sababu niliwahi kulijibu vibaya, na jibu langu lilimwumiza mtu.

Mwaka 1997 nilikuwa karani katika ofisi moja ya utamaduni wilayani. Kwa kuwa nilijulikana kuwa mtunzi wa mashairi, nilipewa kazi ya kupokea na kuchuja tungo za mashindano ya sherehe za Uhuru. Alasiri moja aliingia mama mmoja wa makamo, mwuza vitumbua wa mtaa wa jirani. Nikamwamkia shikamoo, naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akaweka mezani daftari la shule lenye doa la mafuta kwenye jalada. Ndani mlikuwa na shairi la beti kumi na mbili. Lilieleza usiku wa mvua, mtoto mwenye homa, kibatari kinachokaribia kuzimika, na mama anayengoja kupambazuke apate kwenda zahanati. Vina vyake vya kati na vya mwisho vilikuwa sawa, na mizani yake haikupungua. Hata hivyo nilimrudishia. Nilimwambia, "Mama, utungo wako ni mzuri, lakini haya ni mambo ya nyumbani. Sisi tunatafuta mashairi ya taifa."

Alilifunga daftari lake taratibu. "Haya, mwanangu," akasema, "nilidhani na huyo mtoto ni wa taifa." Akatoka, wala sikumwona tena ofisini. Mashairi yaliyosomwa siku ya sherehe yalisifu bendera na mwenge. Moja lilikuwa langu, nami nilipigiwa makofi.

Miaka ilipita kabla sijatambua uzito wa maneno yale. Nilipata kuyatambua kwa njia ambayo sikuitazamia: kwa kusoma vitabu vya mama mmoja wa Kanada, nchi ya theluji iliyo mbali nasi kwa kila kipimo. Kitabu chake cha kwanza nilikikuta katika maktaba ya mkoa. Kiingereza changu ni cha shule ya sekondari, kwa hiyo nilikisoma polepole, kamusi ikiwa kando. Mwandishi huyo ni Margaret Laurence.

Alizaliwa tarehe 18 Julai 1926 katika mji mdogo wa Neepawa, jimbo la Manitoba, penye tambarare pana za ngano. Mama yake mzazi alifariki binti akiwa na umri wa miaka minne. Akalelewa na ndugu wa kike wa marehemu mama yake, mwalimu kwa kazi, ambaye baadaye aliolewa na baba wa mtoto. Baba naye alifariki mwaka 1935. Mama huyo mlezi alikuwa miongoni mwa waliosaidia kuanzisha maktaba ya mji, na ndiye aliyemtia binti moyo wa kuandika. Tukumbuke jambo hili, maana aghalabu nyuma ya mwandishi pana mlezi ambaye jina lake halipigwi chapa.

Kabla ya kuwa mwandishi wa Kanada, Margaret Laurence alikuwa msikilizaji wa Afrika. Aliolewa mwaka 1947 na mhandisi, na mwaka 1950 wakaenda Somaliland, iliyokuwa chini ya himaya ya Waingereza. Kazi ya mumewe ilikuwa kuchimba mabwawa ya kukinga maji ya mvua jangwani. Yeye alianza kukusanya mashairi na ngano za Wasomali, na kuzitia katika Kiingereza kwa msaada wa wajuzi wa lugha hiyo, akiwamo mshairi na mtaalamu Musa Galaal. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, "A Tree for Poverty", kilitolewa Nairobi mwaka 1954. Jina lake lina maana ya mti wa kuwapa kivuli mafukara, na mti huo ni ushairi wenyewe.

Mimi niliye mtunzi nilisimama hapo kwa mshangao. Shairi la Kisomali la aina ya gabay lina sharti gumu: kila mstari uwe na neno linaloanza kwa sauti ile ile moja, tangu mwanzo wa shairi hadi mwisho wake. Sisi tunafunga shairi kwa vina. Wao wanalifunga kwa vianzo. Wachungaji wa ngamia, wengi wao wasiojua kusoma, walitunga kwa sharti hilo na kulihifadhi kichwani. Mgeni yule aliwakuta wakiimba juu ya ngamia, ukame, safari, wivu na mapenzi, yaani maisha yao ya kila siku. Hakuna aliyewaambia kwamba hayo si mambo ya taifa. Kwao, hayo ndiyo yaliyowafanya kuwa Wasomali.

Baadaye aliishi Gold Coast hadi mwaka 1957, mwaka ambao nchi hiyo ilipata uhuru na kuitwa Ghana. Wakati huo alikwisha kuwa mama wa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1952 na mwana wa kiume aliyezaliwa mwaka 1955. Riwaya yake ya kwanza, "This Side Jordan", iliyotoka mwaka 1960, ilihusu Ghana. Lakini kadiri alivyowatazama Waafrika wakidai historia yao na majina yao, ndivyo alivyozidi kugeuza uso kuutazama mji wake mdogo wa utotoni. Mwaka 1962 alitengana na mumewe, akahamia Uingereza pamoja na watoto. Huko ugenini, akiwa mlezi wa nyumba, alitoa vitabu vilivyoirudia Kanada. Kwa vitabu hivyo aliubuni mji wa Manawaka, akaujenga kwa mfano wa Neepawa.

Ni watu gani basi aliowaweka katika mji huo? Hakuweka mawaziri wala majemadari. Katika "The Stone Angel", riwaya ya mwaka 1964, yumo ajuza wa miaka tisini, Hagar Shipley, mwenye kiburi na maumivu, anayekataa kupelekwa katika nyumba ya wazee. Katika "A Jest of God" ya mwaka 1966 yumo mwalimu wa shule ya msingi asiyeolewa, anayeishi na mama yake. Katika "The Fire-Dwellers" ya mwaka 1969 yumo mama wa watoto wanne mjini Vancouver, anayepika, anayefua, na anayehofia usalama wa watoto wake katika ulimwengu wa vita. Watu wa kawaida, siku za kawaida.

Ipo riwaya yake moja ambayo naona imelijibu swali langu waziwazi. Nayo ni "The Diviners", iliyotoka mwaka 1974. Mhusika wake mkuu, Morag Gunn, ni mama na ni mwandishi. Anaishi kando ya mto katika jimbo la Ontario. Mwanzoni mwa kitabu anaikuta barua fupi ya binti yake, Pique, imepachikwa kwenye taipureta: binti ameondoka kwenda magharibi. Nilipofika hapo nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza. Mashine ya kazi ya mama ndiyo iliyoleta habari ya mtoto! Hapana ukuta kati ya uandishi wake na umama wake. Anaandika huku sikio likisubiri simu ilie. Anakumbuka yaliyopita huku akihofia yatakayompata mwanawe barabarani.

Swali la Pique ni swali la Kanada nzima: mimi ni nani? Mama yake ana asili ya Uskoti. Baba yake, Jules Tonnerre, ni wa watu waitwao Métis, uzao wa wenyeji wa asili na Wazungu walioingia kufanya biashara ya ngozi. Métis waliinuka kutetea ardhi yao chini ya Louis Riel, mara ya kwanza katika bonde la Mto Red mwaka 1869, na mara ya pili mwaka 1885. Mara hiyo ya pili walishindwa, na Riel akanyongwa tarehe 16 Novemba mwaka huo. Kwa muda mrefu vitabu vya shule viliwaita waasi. Basi Pique ana historia mbili zinazogombana ndani ya damu moja.

Je, anazipata wapi historia hizo? Anazipata nyumbani. Morag, aliyekuwa yatima, alilelewa na Christie Logan, mzoa taka wa mji, mtu aliyedharauliwa na majirani. Christie ndiye aliyemsimulia hadithi za mababu wa Kiskoti waliovuka bahari. Jules naye anamwimbia binti yake nyimbo za mababu wa Métis. Masimulizi ya mzoa taka na nyimbo za mtu maskini ndiyo hati za taifa walizomrithisha mtoto. Tena Morag anaposafiri hadi Uskoti kuitafuta asili yake, anatambua huko kwamba nchi yake si ile ya mababu, bali ni ile alikozaliwa na kusimuliwa hadithi.

Yafaa tukumbuke jinsi taifa hilo lilivyokuwa likijitafuta miaka hiyo. Kanada iliunganishwa mwaka 1867, lakini sheria ya uraia wake yenyewe ilianza kutumika mwaka 1947. Bendera yake ya jani la mti ilipandishwa mara ya kwanza tarehe 15 Februari 1965, miezi michache baada ya kutoka kwa "The Stone Angel". Mamlaka kamili ya kuibadilisha katiba yake iliyapata mwaka 1982. Bunge lilitoa bendera na sheria. Lakini bendera haikumwonyesha Mkanada uso wa bibi yake. Kazi hiyo ilifanywa na waandishi, na mmoja wao alikuwa mama mwenye watoto wa kulisha na kuwapeleka shule.

Wala nchi yake haikumpokea kwa makofi matupu. Riwaya mbili kati ya hizo zilipata Tuzo ya Gavana Mkuu, nishani kubwa ya fasihi nchini humo. Hata hivyo, mwaka 1976, katika wilaya ya Peterborough karibu na alikokaa, baadhi ya wazazi walidai "The Diviners" iondolewe katika masomo ya sekondari, wakisema inapotosha maadili. Wako walimu waliosimama kuitetea. Mashambulizi hayo yalirudiwa katika miaka ya 1980, nayo yalimwumiza sana. Sisemi kwamba wazazi hawana haki ya kuuliza watoto wao wanasoma nini. Nasema tu kwamba ni rahisi kukipenda kitabu kinacholisifu taifa, na ni vigumu kukipenda kitabu kinacholionyesha likiwa na nguo za jikoni.

Margaret Laurence alifariki tarehe 5 Januari 1987. Kumbukumbu za maisha yake, "Dance on the Earth", zilitoka mwaka 1989. Alizipanga kwa kuwafuata akina mama: aliyemzaa, aliyemlea, mama mkwe wake, na mwisho yeye mwenyewe akiwa mama na mwandishi. Wakubwa wengi hupanga maisha yao kwa vyeo walivyoshika. Yeye aliyapanga kwa mikono iliyomlea.

Nilipokifunga kitabu hicho nilimkumbuka mama wa vitumbua. Nilikwenda mtaani kwake kumtafuta. Nikaambiwa alikwisha kuhama kufuata watoto wake, wala jirani hakujua ni wapi. Shairi lake sikulinakili hata ubeti mmoja. Mimi niliyelipwa mshahara kuhifadhi utamaduni niliurudisha mlangoni kwa mkono wangu. Langu lililopigiwa makofi nimelisahau, na nadhani waliolisikia wamelisahau pia; lakini kile kibatari kinachokaribia kuzimika nakiona hadi leo.

Ndugu walimu, hamna budi kuwafundisha vijana mashairi ya bendera, maana bendera ni yetu. Lakini wapeni pia kazi nyingine. Waambieni warudi nyumbani, waulize mama na bibi zao: mlilala vipi usiku wa mafuriko? Mliimba nini mkitwanga? Ni nani alikuwa akisimulia hadithi mtaani, hata kama alikuwa mzoa taka? Wayaandike majibu kwa Kiswahili safi, tena wayatie tarehe. Nanyi wanafunzi, mkimwona mama yenu amekaa na kalamu usiku baada ya kuosha vyombo, msimwulize anapoteza mafuta kwa nini. Mwongezeeni.

Na wewe mama uliyeniletea daftari, kama makala haya yatakufikia popote ulipo, mtoto yule alikuwa wa taifa. Mimi ndiye sikuijua kazi yangu. Uniwie radhi.