MLIMANI AU USHIRIKA? BINTI WA MOSHI AFANYA MAAMUZI MAGUMU

Kuna binti mmoja wa Majengo, Moshi, alichaguliwa vyuo viwili kwa mpigo: Mlimani ya Dar na Ushirika ya pale pale Moshi. Mtaa mzima ukaanza kumuita "msomi wa Mlimani".

Kasheshe ikaja kwenye kuthibitisha. TCU wanataka uthibitishe chuo 1 tu, na majina ya mkopo wa Bodi yanatoka baadaye. Yaani unachagua kwanza, habari za boom utazijua mbele ya safari.

Mama yake anauza ndizi sokoni, mdogo wake ndo anaingia form five. Binti akapiga hesabu: Dar kuna kodi ya chumba, msosi na nauli. Moshi analala kwao, anakula kwao. Akathibitisha Ushirika. Mashosti wakamcheka eti kaogopa jiji.

Awamu ya 1 ya mkopo ikatoka, jina lake hamna! Wajomba wakachanga ada ya muhula, maisha yakasonga. Mlimani bado inamuuma, akiona picha za wenzake anazima data. Ila darasani yupo.

Haya jamani, ungekuwa wewe ungethibitisha wapi?