Nauli ya Wiki ya Pili



Wapendwa katika Bwana, kila mwaka, Jumanne ya juma la nne la Kwaresima, Mama Kanisa hutuwekea masomo mawili ya maji. La kwanza ni la nabii Ezekieli, sura ya 47, juu ya mto utokao hekaluni, wenye samaki wengi na miti ya majani yaponyayo kandokando yake. La pili ni la Injili ya Yohane, sura ya 5, juu ya mtu aliyeugua miaka 38, akilala karibu na birika la Bethzatha. Kwa sisi wa upande huu wa Kibiti, ambako Rufiji hujigawa katika mikono mingi kabla ya kuingia baharini, masomo hayo hayahitaji maelezo marefu. Maji tunayo, na wagonjwa tunao. Kwa miaka mingi nilihubiri siku hiyo juu ya imani ya yule mgonjwa. Sikuwahi kutambua kwamba alipoulizwa kama anataka kupona, hakujibu ndiyo wala hapana. Alijibu kwamba hana mtu.

Nitawasimulia jinsi nilivyofikishwa hapo, ingawa habari yenyewe hainipi sifa.

Nilikuwa nimekwenda Mbwera kuwaona waamini wetu wachache. Watu wa huko walio wengi ni Waislamu, na hawajawahi kunipokea vibaya. Mama mmoja kijana alinifuata chini ya mwembe, amembeba mtoto wa majuma sita hivi.

"Shikamoo, Padre."

"Marahaba, mama. Hujambo na mtoto?"

Hakujibu, akafunua kanga tu. Miguu yote miwili ilikuwa imepinda kwa ndani, nyayo zikitazamana kama viganja vya mtu anayesali. Alikwisha kuambiwa mengi: kwamba alimcheka kilema alipokuwa mjamzito, kwamba ni kazi ya majini, kwamba ni mapenzi ya Mungu. Nakiri kwamba hilo la mwisho lilikuwa ulimini mwangu pia. Bahati njema muuguzi niliyefuatana naye alitangulia kusema: "Huu ni mguu kifundo. Unatibika, na mtoto bado mdogo."

Ndugu zangu, wengi wetu tukisikia fiziotherapia tunadhani ni kukandwa misuli kwa wachezaji wa mpira. Kumbe kwa watoto wa namna hii, mikono ya mtaalamu hufanya kazi ambayo zamani iliachiwa kisu. Njia hii iliasisiwa na daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, na kufariki mwaka 2009. Mtaalamu huunyoosha mguu taratibu, kisha huufunga plasta ya jasi, ile ambayo wengi wetu huiita hogo, kuanzia pajani hadi vidoleni. Baada ya wiki huifungua, hunyoosha tena kidogo, hufunga nyingine. Kwa kawaida huhitajika plasta tano, sita au saba. Wengi hukatwa kano ya kisigino kwa jeraha dogo sana, hufungwa plasta ya mwisho ya majuma matatu, halafu huanza viatu maalumu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma: saa 23 kwa siku katika miezi mitatu ya mwanzo, kisha kila alalapo, mpaka atimize miaka minne au mitano.

Huduma hiyo ipo nchini. CCBRT ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1994, huitoa pale Msasani pamoja na huduma nyingine za utengamao. Kule Moshi, KCMC, wanafundishwa wataalamu wa fiziotherapia, na tangu mwaka 1981 kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa miguu bandia na vifaa vya kusaidia viungo. Mimi nikasikia "Dar es Salaam" nikafurahi, nikatoa nauli papo hapo. Mama akaenda, akarudi na mtoto mwenye plasta mbili nyeupe. Jumapili nikalitangaza kanisani, watu wakapiga makofi na vigelegele. Nami, Mungu anisamehe, niliyapokea makofi yale.

Siku chache baadaye nilikwenda kwenye mafungo ya mapadre.

Sasa fikirini safari ya mama huyo. Boti kutoka Mbwera hadi Nyamisati, gari hadi Kibiti, basi kilometa 130 hivi hadi mjini, kulala kwa ndugu, kliniki, na njia ileile kurudi. Ni siku tatu kati ya saba. Zaidi ya hayo, siku ya kliniki ni ileile kila wiki, lakini maji hayafuati kalenda ya hospitali. Kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi, na kwa wiki nzima hufika karibu saa sita. Wiki hii boti inaondoka alfajiri maji yakiwa yamejaa. Wiki ijayo, saa ileile, maji yamekupwa na mkondo ni tope tupu. Wenyeji wa delta wanalijua hili toka utotoni. Mimi nililisoma kwa gharama ya mtoto wa mwenzangu.

Niliporudi nilimkuta mtoto hana plasta. Ilikuwa imelowa kwenye boti, ikaanza kumchubua, na baada ya wiki tatu bibi yake akailoweka kwenye maji ya uvuguvugu akaibandua. Miguu ilikuwa imerudi ilivyokuwa.

"Mbona hukurudi hospitali?" nilimwuliza, na sauti yangu haikuwa ya upole.

"Padre, nilikuja kwako, nikaambiwa umesafiri. Wewe uliniambia habari ya nauli ya kwenda. Ya wiki ya pili hukuniambia."

Nilikosa la kusema.

Tulianza upya. Safari hii sikushika fedha mimi. Akina mama wa WAWATA walizigawa safari kwa jumuiya ndogondogo, kila jumuiya wiki yake, na familia moja ya Dar es Salaam ikakubali kumlaza. Nahodha wa boti, Mwislamu, alikataa kupokea nauli ya mama huyo tangu siku alipoelezwa. Katika halmashauri ya walei palikuwa na aliyeuliza kwa nini tumhangaikie asiye wa kundi letu. Nilimwomba asome mwenyewe Luka sura ya 10, na atazame Msamaria aliahidi nini kwa mwenye nyumba ya wageni kabla ya kuondoka. Hakuuliza tena, ingawa sijui kama aliridhika.

Leo mtoto anatembea na nyayo zake zinakanyaga chini. Vita iliyobaki ni ya usiku: viatu vya chuma vinamliza, na majirani wanamwambia mama, "Vitupe, miguu si imenyooka?" Vikiachwa mapema, mguu unaweza kupinda tena. Basi mkimpita njiani, tafadhali, mtieni moyo avumilie.

Na wale mlio na wagonjwa wa kiharusi nyumbani, msingoje nije na mafuta matakatifu tu. Anzeni kituo cha afya, mwombe rufaa kwa mtaalamu wa viungo. Wakati mnangoja, mgeuzeni mgonjwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda, wala msimnyanyue kwa kumvuta mkono uliopooza, maana bega hutoka mahali pake. Naye mkwezi akianguka mnazini, msimwinue kwa kumkalisha. Mlazeni juu ya ubao, mwili umenyooka, ndipo mmpeleke.

Juma lililopita ameletwa mtoto mwingine, wa majuma matatu. Plasta ya kwanza imefungwa. Nauli ya wiki ya pili iko kwa mhazini wa WAWATA, na ya tatu imeahidiwa. Ya nne bado haina mtu.