Mkono wa Mpiga Dufu

Mwaka huu nimefunga studio na mtambo nimemwachia mpwa wangu. Siku ya kwanza tu akaniambia, "Mjomba, siku hizi mashine inapanga picha na sauti yenyewe." Ndiyo maana naandika.

Nilizaliwa Kilwa Kivinje, nikamaliza darasa la saba, nikauza tiketi kwenye banda la video. Kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, kufuata mikanda Dar es Salaam kulitaka uvuke Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na masika umwombe Mungu barabara isikatike. Ndiyo maana mkanda haukuchezewa ovyo.

Kazi nilifundishwa Lindi mjini na fundi ambaye sasa ni marehemu. Alianza na deki mbili, moja inacheza, nyingine inarekodi. Kompyuta ilipoingia, tabia yake ikabaki ile ile. Maulidi aliyashuti kwa kamera mbili: moja mbele ya wapiga dufu, nyingine nyuma kabisa ya uwanja. Akikaa kuzipanga klipu kwenye taimulaini, kwanza anazima spika. Anatafuta fremu ambayo kiganja kimegusa ngozi ya dufu, anaweka alama. Anakitafuta kiganja kile kile kwenye kamera ya pili, anaweka alama. Kisha anasogeza klipu mpaka alama zikutane. Sauti ya kamera ya nyuma anaifuta, inabaki ya mbele.

Mwenzetu mmoja alirudi kutoka jijini na kompyuta kubwa, akatuona washamba. Yeye alipanga kwa mawimbi ya sauti: vilele vikilingana, kazi imekwisha. Tulibishana miaka, na hesabu iko upande wa marehemu. Sauti hewani huenda kama mita 340 kwa sekunde. Video yetu ya mfumo wa PAL ina fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo katika fremu moja sauti hutembea mita 13 na ushei. Kamera iliyo mita 27 nyuma huliona dufu likipigwa, na mlio huupata fremu mbili baadaye. Ukilinganisha vilele, umeiwahisha picha yake fremu mbili: mkono unatua kabla ya mlio. Kwa wateja alitupita, sikatai. Ila watu wakitazama kazi yake, walisema wapiga dufu wamechoka. Lawama wakabebeshwa wazee wa watu.

Nanyi vijana wa simu mna tatizo jingine. Simu nyingi hazishiki idadi moja ya fremu. Mwanzo wa kaswida mdomo na sauti viko pamoja. Nusu saa baadaye kila kimoja kimeshika njia yake. Igeuzeni kwanza klipu iwe na fremu 25 zisizoyumba, ndipo mpange. Mkishapanga mwanzo, nendeni mkakague mwisho. Mashine ikiwapangia, ishukuruni, kisha mtazame mkono.

Anayebisha aje na kamera mbili, dufu moja na uwanja mrefu. Mimi nipo Kivinje.