Siku tulipoacha hesabu tukatazama motokari



Jumamosi moja tulikaa chini ya mwembe kuhesabu feza za AVEC. Kasha lilikuwa wazi, wenye funguo tatu wapo, daftari liko magotini mwa mwandishi wetu. Nyuma ya nyumba vijana walipiga kelele mpaka tukapoteza hesabu mara mbili. Tukatuma mama mmoja akawafukuze. Hakurudi. Tukatuma wa pili, naye akabaki huko. Mwishowe tukafunga kasha tukaenda wote, na tulichokuta ni simu imeegemezwa kwenye ndoo, na ndani yake motokari inaruka.

Yalikuwa mashindano ya Safari Rally, kule Naivasha, Kenya. Tuseme ukweli: tuliyapenda. Toyota Yaris tunaijua kuwa motokari ndogo ya mjini, lakini ile imetengenezwa kwa mashindano. Inapita katika vumbi laini kama unga wa muhogo, inaingia ndani ya maji, inatoka bado inanguruma. Pembeni ya kioo cha mbele imewekewa bomba linalopanda juu, injini ivute hewa safi isimeze maji. Tulipoona bomba lile, kila mmoja wetu alifikiria barabara yetu wakati wa mvua.

Bibi mmoja, mkubwa kwetu wote, akacheka. Akasema: “Nyinyi mnashangaa hiyo? Hamkuona 404.” Marehemu bwana yake alikuwa shofere wa Peugeot 404 ya mkubwa wake wa kazi. Bibi aliitambua sauti yake tangu mbali, akaweka maji motoni, na bwana alipofika bukari lilikuwa tayari. Kamyo na Land Rover zilipita pia, lakini hazikumdanganya hata siku moja.

Vijana wakatafuta katika simu, wakakuta bibi ana haki. Peugeot 404 ilishinda Safari mwaka 1963, halafu 1966, 1967 na 1968. Mashindano hayo yalianza 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ndiyo nchi ya ng'ambo ya ziwa letu kabla haijaitwa Tanzania. Mwaka 1968 motokari nyingi ziliondoka, zikafika 7 tu. Nyingine zilibaki katika matope. Basi shofere wa huku, aliyekuwa na matope yake mwenyewe, angependa ipi? Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh wa Kenya, katika Volvo, naye alikuwa fundi kabla ya kuwa mshindani. Jambo hili la ufundi mlikumbuke, tutarudi kwake.

Sisi wamama tuliuliza kama kuna mwanamke. Yuko. Michèle Mouton wa Ufaransa alikuwa wa tatu katika Safari ya 1983, na Audi Quattro, pembeni yake mwanamke mwenzake Fabrizia Pons akimsomea njia. Mwaka mmoja nyuma alikaribia kuwa bingwa wa dunia. Mashindano ya Côte d'Ivoire yalipokuwa yanaanza, baba yake akafariki. Mama yake akamwambia aendeshe. Akaendesha, akaongoza, kisha motokari ikamharibikia, akaanguka, na ubingwa ukaenda kwa mwingine. Hapo vijana waliendelea kuongea, sisi tulinyamaza. Yule mama aliyemwambia binti yake aendeshe alikuwa na moyo gani siku ile?

Mwenzetu mmoja alinyamaza zaidi. Mtoto wake wa kwanza alianguka na pikipiki akishindana na wenzake, na leo anatembea na fimbo. Wa pili aliomba mkopo katika kasha letu aende Kalemie kujifunza ufundi wa motokari. Mama alikataa, na sisi tukakataa pamoja naye, kwa sababu tuliona ni ugonjwa ule ule wa mwendo. Sasa akamwuliza mbele yetu: “Kitu gani kinakuvuta humo?” Kijana akajibu: “Mama, si mwendo. Nataka kujua kwa nini haipinduki.” Akatuonyesha mabomba ya chuma ndani ya motokari ile, yanayomzunguka shofere kama kizimba, na mikanda, na kofia. Tena barabara inafungwa kwanza. Kaka yake hakuwa na hata kimoja.

Kijana huyo huyo alituambia kuna motokari ya umeme, Tesla Model S Plaid, inayofika mwendo wa kilomita 100 kwa saa kwa sekunde mbili na kidogo. Betri za motokari kama hizo zinatengenezwa kwa litiamu, na udongo wa Manono, humu humu katika provinsi yetu, una litiamu nyingi sana. Tulicheka, lakini kicheko hakikuwa kizuri. Jina la Piana-Mwanga linajulikana kwa bwawa la umeme la mto Luvua, lililojengwa wakati wa Wabelgiji kwa machimbo ya Manono, na sisi tulihesabu feza jioni ile kwa tochi. Msimu wa mvua uliopita tulimpeleka mwenzetu kujifungua kwa pikipiki, amekaa katikati ya watu wawili, kwa sababu kamyo zilikwama. Alijifungua salama. Hatutaki kuieleza safari ile tena.

Tulirudi chini ya mwembe, tukahesabu upya, na mkopo ukakubaliwa. Mama wa kijana ndiye aliyeinua mkono wa mwisho. Aliweka sharti moja, likaandikwa katika daftari: pikipiki asipande, kwenda wala kurudi. Kijana aliondoka Jumatatu juu ya kamyo ya mahindi.

Bibi naye alimtuma kitu. Akipata 404 inayotembea pale Kalemie, apige simu, aiweke karibu na injini, bibi asikie. Mpaka tunaandika haya hajapata. Ameona moja tu, haina injini, kuku wanalala ndani.