Mombasa hadi Voi: Safari ya miaka milioni 600

Iwapo umewahi kupanda basi la kutoka Mombasa kwenda Nairobi, huenda ulianza kusinzia mara tu baada ya Mazeras. Wengi husema huko hakuna cha kutazama ila vichaka na vumbi. Hata hivyo, kilomita 150 hivi za kufika Voi zinasimulia jinsi mabara ya dunia yalivyoungana, kisha yakaachana.

Kadiri unavyoipa bahari kisogo, ndivyo mawe yaliyo chini yako yanavyozidi kuwa ya kale. Kisiwa cha Mombasa chenyewe ni kitoto. Matumbawe ambayo Wareno walijenga Fort Jesus juu yake kuanzia 1593 yalikuwa hai baharini miaka 125,000 hivi iliyopita.

Vuka Makupa uingie Changamwe, na hesabu inabadilika. Miamba ya huko ni tope lililogandamana chini ya bahari ya kale. Ndani yake yamepatikana makombe ya amonaiti, jamaa ya pweza na ngisi waliotoweka zamani. Bahari hiyo iliingia wakati Madagaska, ambayo wazee wa pwani waliijua kama Bukini, ilipobanduka ubavuni mwa Afrika zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita. Naam, Bukini ilishikana na pwani ya Kenya na Somalia, kisha ikasogea kusini hadi ilipo leo.

Ukifika Mazeras, fikiria yale mawe bapa yanayotandazwa katika nyua za majumba ya Nairobi. Mawe ya Mazeras yalikuwa mchanga ulioletwa na mito, na katika miamba yake kumepatikana vigogo vya miti vilivyogeuka kuwa mawe. Enzi hizo Afrika, Bukini, India, Australia, Amerika Kusini na Antaktika zilikuwa nchi moja ambayo wataalamu huiita Gondwana. Mbele ya Mariakani, miamba ya Maji ya Chumvi ina masalia ya samaki yanayofanana na ya Madagaska.

Mjerumani Alfred Wegener alipotangaza mwaka 1912 kwamba mabara husogea, wengi walimpuuza. Alifariki Greenland mwaka 1930 kabla ya kuaminiwa. Leo mwendo huo hupimwa kwa setilaiti: ni sentimita chache kwa mwaka, kama kucha inavyokua.

Usidhani haya ni mambo ya vitabuni tu. Jina la Maji ya Chumvi halikutungwa kwa mzaha. Maji yanayopenya katika miamba hiyo huchukua chumvi, na kisima kinaweza kuchimbwa kwa gharama kubwa kisha kikatoa maji yasiyonyweka. Maji matamu ya chemchemi za Mzima, ambayo hufika Mombasa kwa bomba, hutoka katika vilima vya Chyulu. Huko mvua huchujwa na mawe ya volkeno, machanga kabisa yakilinganishwa na haya. Kwa hivyo, mambo yaliyotukia kabla ya binadamu kuwako ndiyo yanayoamua leo mama wa Kiduruma atembee umbali gani na mtungi wake.

Hatimaye utaiona milima ya Taita ikiinuka nyuma ya Voi. Miamba yake iliokwa kwa joto na kukandamizwa miaka milioni 600 hivi iliyopita, vipande vya nchi vilipogongana na kuiunda Gondwana. Vito vya kijani vinavyochimbwa Taita ni matunda ya mgongano huo.

Na kazi haijaisha. Huko mbele, katika Bonde la Ufa, Afrika inapasuka tena polepole. Kwa hivyo, msomaji, siku nyingine ukipanda basi hilo, omba kiti cha dirishani, na ukifika Mazeras, usilale.