Kiloleli: Nchi ya Pamba na Ng'ombe

Kiloleli ni kata ya Wilaya ya Busega. Zamani Busega ilikuwa ndani ya Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Mwaka 2012 iliingia Mkoa mpya wa Simiyu, wenye makao makuu Bariadi.

Wakazi wengi ni Wasukuma. Hulima pamba, mahindi, mtama na viazi vitamu. Viazi hukatwa na kuanikwa, vikawa michembe. Pia hufuga ng'ombe.

Kiangazi malisho huisha, ng'ombe wakakonda. Wazee wa Usukuma walikuwa na dawa yake: ngitili. Wakati wa mvua walifunga eneo, majani yakaota. Kiangazi wakalifungua, mifugo ikala. Mradi wa HASHI, ulioanza Shinyanga mwaka 1986, ulifufua desturi hiyo.

Ndugu mfugaji, tenga ngitili yako mapema. Ng'ombe hali maneno, hula majani.