Spea Isiyo na Upepo

Nimeadimika kidogo hapa, kazi zilinibana. Leo siandiki siasa wala mambo ya Bungeni. Leo naandika kuhusu spea.

Najua! Mjini hapa ukitaja spea tairi, kuna watu tayari wameshaanza kucheka na kumfikiria mtu fulani ambaye namba yake wameihifadhi kwenye simu kwa jina la "Fundi Bomba". Tulieni. Nazungumzia spea ya kweli, tairi la mpira linalolala kwenye buti chini ya kapeti, ambalo wengi wetu tulilitazama mara ya mwisho siku tuliyonunua gari. Nataka niwasimulie jinsi lilivyoniumbua mbele ya mama yangu mzazi.

Ilikuwa Julai 2019. Mama anaishi Morogoro, ni mwalimu mstaafu. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umeshalifunika jicho lake la kushoto, na la kulia nalo lilikuwa limeanza kuingia ukungu. Alikuwa amepangiwa upasuaji katika hospitali moja ya Dar es Salaam, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Tarehe ile tuliisubiri tangu Aprili. Treni ya umeme ya Dar hadi Morogoro ilikuwa bado inajengwa. Ilikuja kuanza kubeba abiria Juni 2024. Mabasi yalikuwepo tele, lakini mimi nikajifanya mkubwa: "Mama, nitakufuata mwenyewe. Una mtoto mwenye gari, halafu upande basi?"

Gari lenyewe Corolla ya zamani, ile ambayo ukiwasha asubuhi majirani wanajua saa ngapi. Lakini lilikuwa langu.

Sasa sikilizeni. Machi ya mwaka ule nilipata pancha maeneo ya Tabata. Msumari. Vijana wa kijiweni wakanisaidia kufunga spea, nikawapa ya soda, na lile tairi lenye msumari nikalitupia kwenye buti mahali pa spea. Nikajiambia, kesho nitapita kwa fundi pancha. Mnaijua ile kesho? Kesho ikawa wiki, wiki ikawa miezi minne. Kila siku nikienda kazini nilipita mbele ya mafundi pancha wasiopungua watano. Kuziba pancha ilikuwa haizidi bei ya sahani ya chipsi mayai. Chipsi nilikula, pancha sikuziba.

Haijaishia hapo. Mwezi Juni ofisini walinituma kuandika makala kuhusu matairi chakavu. Nikazunguka Ilala na Gerezani, nikahoji mafundi, madereva na wauza matairi ya mtumba. Nikawaeleza wasomaji kwamba kila tairi limechapwa umri wake ubavuni: tafuta herufi DOT, kisha angalia tarakimu nne za mwisho. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili zinazofuata ni mwaka. Ukikuta 2314, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Nikaandika kwamba mpira huzeeka hata kama hautembei, kwa hiyo na spea nayo ikaguliwe. Niliandika hivyo, kwa mkono huu huu! Mhariri akanipongeza. Muda wote huo gari langu lilikuwa limeegeshwa nje ya ofisi, na kwenye buti lake limelala tairi lenye msumari.

Basi bwana, Alhamisi ikafika. Tuliondoka Morogoro saa kumi na moja alfajiri. Mama alikaa mbele, amejifunga khanga mpya, faili la hospitali ameliweka mapajani na kulishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Tukapita Mikese, tukapita Ubena Zomozi. Barabara ile mnaijua: malori ya Zambia, ya Kongo, ya Rwanda na Burundi yanafuatana kama siafu. Kabla ya kufika Mdaula, lori lililokuwa likija lilinisogelea katikati, nikakwepa kushoto. Tairi la mbele likagonga ukingo wa lami uliomeguka. Pwaa!

Usukani ukavuta kushoto kwa nguvu. Niliushika kwa mikono miwili, nikaondoa mguu kwenye mafuta na kuliacha gari lipungue lenyewe. Hilo ndilo jambo pekee nililolifanya sawasawa asubuhi ile. Ukikanyaga breki ghafla tairi la mbele likiwa limepasuka, unaweza kujikuta porini matairi yameangalia juu. Tukasimama kwenye udongo. Saa kumi na mbili na robo, ndiyo kwanza kunapambazuka.

"Nini tena?" Mama akauliza.

"Tairi tu, Mama. Dakika kumi."

Nikafungua buti, nikanyanyua kapeti, nikaweka mkono juu ya spea. Ikabonyea! Pale pale Machi yote ikanirudia. Tabata, msumari, kesho.

Nilichofanya baada ya hapo sikijivunii. Sikumwambia Mama. Nilichukua jeki nikaanza kulinyanyua gari, kana kwamba nikifika mwisho wa kazi ile upepo utakuwa umeingia wenyewe kwenye spea. Nikapiga jeki mpaka tairi lililopasuka likaning'inia, ndipo nikakumbuka nati. Nikaweka spana, nikasukuma. Tairi likazunguka pamoja na spana. Nikasukuma tena, gari likayumba juu ya jeki. Mama alikuwa bado amekaa ndani.

Lori moja lililokuwa linakwenda Dar likasimama nyuma yetu. Akateremka dereva, mtu mzima, na utingo wake. Utingo hakuuliza kitu. Alikata matawi akaenda kuyapanga barabarani, huku na huku, ili wanaokuja wajue kuna gari bovu. Pembetatu yangu ilikuwa chini ya makorokoro, wala sikuwa nimeikumbuka.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Kwanza mteremshe mama. Halafu shusha gari."

Akanipa darasa pale pale, bila kejeli. Handibreki juu, gia ndani. Mawe nyuma na mbele ya matairi yanayobaki chini. Nati zilegezwe tairi likiwa bado limekanyaga ardhi, nusu mzunguko tu, usizitoe. Kama ni ngumu, simama juu ya mpini wa spana utumie uzito wako. Ndipo upige jeki, na jeki ikae pale palipoimarishwa chini ya gari, si popote. Usiingize mguu wala kichwa chini ya gari lililo juu ya jeki.

Nati zikalegea. Gari likapanda. Tairi lililochanika ubavu likatoka. Lile halizibiki tena, ubavu ukipasuka ndiyo basi.

"Lete spea."

Nikaileta. Aliibonyeza kwa kidole gumba mara moja. Akanitazama.

"Kijana, hii si spea. Huu ni mzigo. Umebeba mzigo."

Alivuta mpira wa upepo kutoka kwenye tenki la breki za lori lake, akajaribu kuijaza. Ikapanda, halafu tukausikia msumari ukipumua: sssss. Hata Mama alisikia. Hapo hapakuwa tena na la kuficha.

"Ni ya lini hiyo?" Mama akauliza.

"Machi," nikajibu.

Akanyamaza. Utingo akasimamisha bodaboda iliyokuwa inaelekea Mdaula. Nikatoa pesa nimpe yule dereva, akausukuma mkono wangu. "Kanunue upepo," akasema, akapanda lori lake, wakaenda.

Nikamkalisha Mama chini ya mti, mbali na barabara, na faili lake. Sikutaka kumwacha peke yake, lakini bodaboda moja isingebeba watu watatu na tairi. Nilipokuwa napanda, nimelipakata tairi kifuani, akaniita.

"Ile makala yako ya matairi niliisoma. Kwa kile kioo changu cha kukuzia. Ilinichukua siku mbili." Akatulia. "Uliandika vizuri."

Wandugu, sijui kama alikuwa ananisifu au ananichapa. Mpaka leo sijui, na sijathubutu kumuuliza.

Fundi pancha wa Mdaula alikuwa bado hajafungua. Tukamwamsha. Akalizamisha tairi kwenye beseni, mapovu yakatoka, akavuta msumari wenyewe, umeota kutu, urefu wa kidole. Akachomeka kile kijiti cha mpira chenye gundi, akakata kilichozidi. Kazi ya dakika tano! Lakini kompresa yake haikuwa na petroli, ikabidi kijana atumwe na kidumu. Nikakaa kwenye benchi nikihesabu dakika na kumwona Mama kichwani, peke yake kando ya barabara ya malori, akiona vivuli tu.

Niliporudi alikuwa pale pale. Nikafunga tairi kama nilivyofundishwa: nati kwa mkono kwanza, kisha kukaza kwa kukatiza, ya juu na ya chini, si kwa kufuata duara, halafu gari chini, na kukaza kwa mara ya mwisho. Tukaondoka saa mbili na nusu. Foleni ya kuingia mjini mnaijua wenyewe. Hospitali tuliingia saa sita kasorobo.

Orodha ya wagonjwa wa siku ile ilikuwa imeshafungwa. Muuguzi alikuwa mpole, hakutugombeza. Alifungua daftari, akaandika tarehe nyingine. Wiki tano.

Mtaniambia wiki tano si kitu. Kwa mtu anayeona, ndiyo. Katika wiki zile jicho la kulia lilizidi kufifia, Mama akaacha kusoma kabisa, akawa anaomba mtoto wa jirani amsomee gazeti. Wiki ya tatu alikosea ngazi ya mlango wa uani, akaanguka, akateguka mkono. Hakuniambia. Niliambiwa na jirani. Nilipompigia simu kumuuliza, alisema, "Ni ngazi tu." Kama mimi nilivyomwambia ni tairi tu.

Upasuaji ulifanyika Agosti na ulikwenda vizuri, namshukuru Mungu. Kioo cha kukuzia amekiweka kabatini. Lakini ule mkono, msimu wa baridi ukiingia, bado anausugua.

Baadaye nilisoma historia ya kitu hiki. Magari ya mwanzo kabisa hayakuwa na spea. Ukipata pancha, unakaa njiani unaziba mwenyewe. Mwaka 1904 ndugu wawili, Walter na Tom Davies, wa mji wa Llanelli kule Wales, walitengeneza rimu isiyo na spoku, yenye tairi lililokwisha kujazwa upepo, ya kufungwa juu ya gurudumu bovu. Duka lao lilikuwa Stepney Street, na ndiyo maana mpaka leo India wanaiita spea "stepney". Mmeona lakini? Lilikwisha kujazwa upepo. Tangu siku ya kwanza hilo ndilo lililokuwa wazo lenyewe. Yule dereva wa lori hakuhitaji kusoma historia ili ajue hivyo.

Nami nimejiuliza ni mambo mangapi maishani mwangu nimeyabeba kwa mtindo ule. Akiba ya benki niliyoichota "kwa muda". Rafiki ninayesema nikikwama nitamkimbilia, na sijampigia simu mwaka mzima. Ukiulizwa unayo, unajibu ninayo. Hujaibonyeza tu.

Sasa basi, ombi langu kwenu ni dogo. Leo, kabla hujalala, shuka ukafungue buti. Bonyeza spea, na bora zaidi ipime kwa geji. Kiasi cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko mlangoni kwa dereva. Soma zile tarakimu nne. Hakikisha jeki ipo na mpini wake, spana inaenea kwenye nati zako, na kama rimu zina nati ya kufuli, ufunguo wake uko wapi. Ikiwa spea yako ni ile nyembamba ya muda, ijue: haitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na ni ya kukufikisha kwa fundi tu, si ya kuendea Mbeya. Na kama umenunua gari la kisasa, angalia kwanza kama lina spea, maana mengi siku hizi huja na dawa ya kuzibia na kipampu kidogo badala ya tairi.

Halafu jaribu kubadilisha tairi siku moja nyumbani, mchana, pakavu, hakuna lori linalokupita ubavuni. Dada zangu nanyi msiseme hiyo kazi ya wanaume. Nati haijui nani ameshika spana.

Mimi siku hizi napima kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Si kwa sababu nimekuwa mtu makini. Ni kwa sababu Mama akipiga simu, baada ya salamu na kabla ya kuniuliza kama nimekula, huuliza kwanza:

"Spea ina upepo?"

Namjibu ina. Na siku ambayo sina hakika, namwambia asubiri kwenye simu, nashuka chini kuibonyeza.

Alamsiki.